Kwetu Ni Buguruni

Liko swali ambalo Mtanzania huulizwa tangu utotoni hadi uzeeni, nalo ni hili: kwenu ni wapi? Sisi hujibu: Buguruni. Naye muulizaji hutabasamu kama mtu aliyefanyiwa mzaha, kisha hurudia kwa upole zaidi: "Hapana, kwenu hasa." Tunaiandika makala hii kulipinga neno hilo "hasa", kwa kuwa limewafanya watoto wengi wa mji kuwa waongo, na kwa kuwa sisi wenyewe, kama tutakavyokiri, tumekuwa miongoni mwa walioutumikia uongo huo.

Tulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba 6, vitatu huku na vitatu huku, ukumbi katikati na uani wa pamoja nyuma. Baba yetu alikuwa Mnyamwezi wa Tabora aliyeshuka kwa gari moshi kutafuta kazi; mama yetu Mzaramo wa Kisarawe. Vyumba vingine walikaa Wangoni, Wamatumbi na Wamanyema, na mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kiyao aliyetufundisha, kwa fimbo inapobidi, kumwamkia kila mtu mzima shikamoo bila kwanza kuuliza kabila lake. Jioni uani paliwaka majiko 6 ya mkaa. Mama alipika matobolwa ya kwao baba kwa tui la nazi la kwao yeye. Mpaka leo hatujui chakula kitupendezacho kuliko hicho, wala hakuna kijiji, Unyamwezi wala Uzaramo, kinachoweza kukidai kuwa ni chake.

Wapo wasemao kwamba mchanganyiko wa namna hiyo ni upotevu wa mila. Tunawauliza: mila gani? Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na utani huo haukuzaliwa kijijini. Ulizaliwa njiani, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo ya misafara katika karne ya 19. Alipofariki baba yetu, wajomba wa Kizaramo walikuja msibani wakalala mahali pa maiti, wakadai walipwe ndipo jeneza litoke, na waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Mila hiyo ilitimizwa Buguruni, barabara kwa barabara. Isingaliwezekana kutimizwa kijijini kwa baba, ambako wajomba hao hawakuwapo.

Hata jina la Kariakoo, soko ambalo mama alikwenda alfajiri kununua unga, ni jina la wapagazi: Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi wa jeshi la Waingereza katika vita vya 1914 hadi 1918, kilichokuwa na kambi yake hapo. Jengo la soko lililofunguliwa mwaka 1975, lenye miavuli ya zege, lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli. Lilipoungua mwezi Julai 2021 tuliwaona watu wazima wakilia barabarani, na si wote waliokuwa na bidhaa ndani. Mtu hulilia kwao.

Wizara ya utamaduni ilipoundwa mwaka 1962, shabaha iliyotangazwa ilikuwa kutafuta mila zilizo bora za makabila yote na kuzifanya kuwa utamaduni wa taifa. Shabaha hiyo tunaiunga mkono. Lakini watafiti walipotumwa kuitekeleza walielekea vijijini na vinasa sauti vyao, wakapita Barabara ya Uhuru bila kuteremka. Kama wangaliteremka, wangaliikuta kazi waliyotumwa ikifanyika yenyewe, uani kwetu, bila posho.

Turudi kwenye malezi. Mdundiko ulipopita mtaani, nasi tukautokea, hapakuwa na mtoto aliyekumbuka kuaga. Tuliufuata hadi Vingunguti, na siku moja hadi Tandika, tukarudishwa usiku na mtu tusiyemjua, tukachapwa na kila mlango wa nyumba ile kwa zamu. Kutoka mapigo ya ngoma za Kizaramo, vijana wa uswahilini walijenga mchiriku katika miaka ya 1990, kwa kinanda kidogo cha umeme na vipaza sauti vinavyokoroma. Na wenye kuhukumu wakauita uhuni. Sisi hatuupendi sana mchiriku, masikio yetu yalikwisha kuzoea dansi la Radio Tanzania. Ila tunajua ni mtoto wa nani.

Na ushairi? Mama yetu aliuza maandazi, na maandazi yalifungwa katika magazeti ya zamani, Uhuru na Mzalendo, yenye kurasa za mashairi. Tulijifunza mizani 16 za mshororo kwa kuzihesabu kwa vidole vyenye mafuta. Mara nyingi ubeti wa mwisho ulikuwa umekwisha kuondoka na mteja, tukalazimika kuutunga wenyewe. Hatuoni haya kusema kwamba hicho ndicho chuo chetu. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, nasaba yake ilikuwa ya Wayao. Alikuwa mtumishi wa serikali kama sisi, na hakuna amwambiaye kwamba kwao hasa hapakuwa Tanga.

Insha ndiyo iliyotuharibu. Tukiwa darasa la 6 tulipewa kuandika juu ya "Kijiji Chetu". Tuliandika juu ya reli, soko, mto Msimbazi unapofurika, na mdundiko. Tulipata 4 kwa 20, na maneno haya kwa wino mwekundu: "Hujajibu swali." Muhula uliofuata swali lilirudi. Tuliandika juu ya ng'ombe wa babu ambao hatujapata kuwaona na mlima ambao, tulikuja kugundua baadaye, haupo. Tulipata 17, na insha ikasomwa mbele ya darasa. Tulipofikishwa Tabora kwa mara ya kwanza, watoto wa huko walicheka Kinyamwezi chetu wakatuita "wageni wa Dar es Salaam". Hivyo basi mjini tulikuwa watu wa Tabora, Tabora tukawa watu wa mjini.

Mtu atasema: haya ni mambo ya insha tu, yana madhara gani? Wakoloni walikuwa na sheria ya kuwaondoa mjini wenyeji wasiotakiwa, na msingi wake ulikuwa imani kwamba Mwafrika hana kwao mjini. Mwaka 1983, katika nchi huru, Sheria ya Nguvukazi ilipotungwa, waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikusanywa Dar es Salaam wakapelekwa vijijini. Mpangaji wa chumba cha tatu, muuza kahawa, alizaliwa Ilala. Waliomkamata walimuuliza kwao, akajibu Ilala. Wakamuuliza kwao hasa. Alipelekwa kijiji cha marehemu baba yake, ambako hakuwa na shamba wala lugha. Alirudi baada ya miezi minne, amekonda, na birika lake limepotea. Tulikuwa na umri wa miaka 14, na tulidhani kwamba hatutalisahau jambo hilo.

Tulilisahau. Tumefanya kazi ya masjala kwa miaka mingi, na katika miaka ya mwanzo ilipita mkononi mwetu fomu yenye nafasi ya "kijiji cha asili". Msichana mmoja aliandika: Buguruni. Tuliirudisha, tukaweka mstari mwekundu chini ya neno hilo. Kesho yake ilirejea na jina la kijiji, kwa mwandiko wa mtu mwingine. Tuliipiga mhuri. Hakuna aliyetulazimisha, kalamu ilikuwa yetu.

Hatuvidharau vijiji, na mwenye kijiji na akisifu. Tunalolikataa ni kumlazimisha asiye nacho kukibuni, kisha kumpa maksi kwa ubunifu huo na kuuita utamaduni. Watahini na watunzi wa vitabu vya shule wanaweza kuandika "Mahali Nilipokulia" badala ya "Kijiji Chetu" bila kuongeza gharama yoyote.

Hivi karibuni binti yetu wa mwisho, aliye sekondari, alitujia na daftari akauliza jina la mto wa kijijini kwetu. Tulimwambia aandike Msimbazi. Aliinua kalamu, akatutazama, akauliza kama kwa mto huo atapata maksi. Swali hilo tumelileta kwenu, walimu, kwa sababu sisi hatukuweza kumjibu.