Sisi wa nje turudini darasani, khasa kwa historia na siasa



Nimesita sana kuyaandika haya kwa kuogopa kuonekana najisifu kwa shahada. Shahada yenyewe niliipata 2015, nimeshaizowea, na kazini haikuniongezea hata senti moja. Nilikuwa dereva wa basi hapa London kabla yake, na baada yake nikabaki dereva wa basi. Ninalotaka kulisema ni jengine. Sisi Wazanzibari tuliotapakaa Uingereza, Oman, Dubai, Canada na kwengineko tunabishana usiku kucha juu ya historia ambayo wengi wetu hatujaisoma, na hatuna tena udhuru wa kutoisoma.

Naanza na aibu yangu mwenyewe. Mwaka 2008, kwenye harusi moja hapa Mashariki ya London, mimi na mtoto wa ami yangu tulitoleana maneno mbele ya wageni. Mimi nimelelewa Miembeni na babu mzaa mama, mtu wa Afro-Shirazi damu damu. Upande wa baba walikuwa Hizbu, na ami alihamia Maskat na wanawe. Mnajua wenyewe mazungumzo yanavyokwenda biriani likishaliwa. Mimi nikasema uchaguzi wa 1963 uliibiwa, kila mtu anajua. Mwenzangu akasema serikali halali ya wananchi ilipinduliwa na watu wa kuja, kila mtu anajua. Tukafika kwenye wazee, tukataja majina ya marehemu, na tangu usiku ule hatukuamkiana.

Mwaka wa pili yake nikajiandikisha kusoma historia na siasa kwa masafa. Sitowadanganya kwamba nilikuwa na kiu ya elimu. Nilitaka silaha. Nilitaka siku moja nimkalishe mtoto wa ami chini, nimsomee ukurasa kwa ukurasa mpaka anyamaze.

Kwa wasiojua, elimu hii ya masafa si jambo jipya wala si ya daraja la pili. Chuo Kikuu cha London kimekuwa kikitoa shahada kwa watu wasiokanyaga madarasa yake tangu 1858. Mandela alisoma sheria kwa njia hii akiwa kifungoni, na shahada yake ya sheria aliipata kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini 1989, bado mfungwa. Hapa Uingereza Chuo Kikuu Huria kilipewa hati yake 1969 na kikapokea wanafunzi wa mwanzo 1971, na kuingia kwake hakukuhitaji vyeti vya skuli. Wanaosoma nusu ya muda huchukua miaka sita hivi. Vitabu na mihadhara huvipata nyumbani, insha unaandika mwenyewe, na kuna mwalimu anayesahihisha ambaye pengine hutomuona uso kwa uso zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Mimi nikisoma kwenye kantini ya gereji ya mabasi baina ya zamu na zamu, na Jumapili asubuhi kabla watoto hawajaamka.

Basi katika somo la siasa tukapewa insha juu ya mifumo ya uchaguzi. Nikaona siku yangu imefika. Nikaandika juu ya Zanzibar, nikasema kura za 1963 ziliibiwa. Insha ikarudi na alama 48, na pembeni ya sentensi ile mwalimu kaandika maswali tu: kura zipi, katika jimbo gani, nani aliyeshuhudia, na yeye alijuaje?

Nilikasirika siku tatu. Nikasema huyu Mzungu anajua nini. Halafu nikakaa nikaanza kutafuta, na nilichokikuta hakikunisaidia mimi wala mtoto wa ami.

Uchaguzi wa Julai 1963 ulikuwa wa viti 31. Afro-Shirazi walipata kama asilimia 54 ya kura zote, wakapata viti 13. Hizbu walipata 12 na ZPPP 6, jumla 18, wakaunda serikali. Babu yangu hakusema uwongo aliposema chama chake kilipata kura nyingi zaidi. Lakini sababu kubwa ni kwamba kura za Afro-Shirazi zilirundikana kwenye majimbo waliyoshinda kwa wingi mkubwa, na wenzao wakashinda kwa tofauti ndogo kwenye majimbo mengi zaidi. Mfumo wenyewe ulikuwa ni wa Kiingereza: mwenye kura nyingi katika jimbo anachukua kiti, na kura za waliobaki haziingii popote. Unaweza kusema mfumo ule haukuifaa nchi kama yetu, na mimi nasema hivyo mpaka leo. Unaweza kubishana namna majimbo yalivyokatwa. Lakini hilo ni neno jengine kabisa na kusema mtu kachukua sanduku la kura usiku.

Na hapa ndipo nilipoona faida ya kusoma historia pamoja na siasa, maana moja peke yake isingenitosha. Kumbe Waingereza wenyewe yamewafika hayo hayo. Mwaka 1951 chama cha Labour kilipata kura nyingi kuliko Conservative, na Churchill ndiye aliyerudi madarakani. Februari 1974 ikawa kinyume chake, Conservative wakapata kura nyingi zaidi na Labour wakapata viti vingi zaidi. Hakuna aliyeshika panga. Attlee alikwenda zake nyumbani.

Kwa hivyo swali likabadilika. Siku zote sisi tunaulizana nani alikuwa na haki. Swali linaloumiza zaidi ni hili: kwa nini kule walioshindwa waliweza kungoja uchaguzi mwengine, na kwetu kutoka Julai 1963 mpaka 12 Januari 1964 haikutimia hata miezi saba?

Ukilishika swali hilo, hakuna upande unaotoka msafi. Utakutana na Zama za Siasa, watu walipoacha kuzikana na kununua kwenye maduka ya wenzao. Utakutana na Juni 1961, waliokufa watu 68, wengi mno kati yao Wamanga wa mashamba, watu masikini wenye viduka. Sisi kwetu Miembeni mwaka ule haukutajwa hata siku moja, na mimi nilifika utu uzima bila ya kuujua. Utakutana pia na serikali ya baada ya uhuru wa 10 Disemba 1963, iliyoona ni busara kuwafukuza kazi polisi wenye asili ya bara, watu waliokwishafunzwa bunduki, na kukipiga marufuku chama cha Umma cha Abdulrahman Babu kabla mwezi haujatimia. Hilo nalo upande wa ami halitajwi. Na baada ya Mapinduzi, wale waliolalamika kwamba kura zao hazikuhesabiwa ipasavyo walikaa mpaka 1995 ndipo wakaona tena uchaguzi wa vyama vingi Zanzibar. Babu yangu hakuufikia.

Nikawa nakwenda Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za hapa. Kutoka kwetu ni treni moja ya District bila ya kubadilisha. Kuingia ni bure, unatengenezewa kadi, unaingia na penseli tu maana kalamu ya wino hairuhusiwi, na unaweza kupiga picha karatasi kwa kamera yako mwenyewe. Nilikaa miaka chungu nzima London nikilaani kwamba Waingereza wameficha historia yetu, na sehemu kubwa yake iko kwenye maboksi ambayo mtu yeyote anaweza kuyaagiza. Sisemi hawakuficha. Mwaka 2011, katika kesi ya wazee wa Mau Mau, serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeweka maelfu ya mafaili ya makoloni kule Hanslope Park, na kuanzia 2012 yakaanza kupelekwa Kew. Tuwalaumu kwa hayo. Lakini yaliyofunguliwa, ni wangapi katika sisi tumeyafungua?

Najua nitajibiwa kwamba hiyo ni historia ya mkoloni. Na mimi nilikuwa nikisema hivyo, na bado nakubali nusu yake. Ripoti ya gavana inakueleza gavana aliona nini, na mara nyengine inakueleza alitaka wakubwa wake waamini nini. Ndiyo maana unafundishwa kuuliza nani kaandika, kamuandikia nani, na ana maslahi gani. Tatizo ni kwamba swali hilo hilo lazima uwaulize na wako. Ali Muhsin aliandika kumbukumbu zake, zikatoka 1997. Okello aliandika zake 1967. Jumbe aliandika juu ya Muungano 1994. Kila mmoja alikuwa na lake moyoni, na yote yanasomeka kwa faida ukijua hivyo. Msomi wetu Abdul Sheriff, Issa Shivji na kitabu chake cha 2008 juu ya Muungano, na Harith Ghassany aliyetoa 2010 kitabu kizima kwa Kiswahili kutokana na mazungumzo na wazee, hao hawakungoja Mzungu awaandikie. Wanaopiga kelele kwamba hatuna historia iliyoandikwa na sisi wenyewe, mara nyingi hawajakigusa kimoja katika hivyo.

Sasa na kasoro niziseme, nisije nikaonekana wakala wa vyuo. Masomo ya masafa yana upweke. Mwanafunzi wa kawaida anatoka darasani anabishana na wenzake kwenye korido. Wewe unabishana na ukuta wa jikoni saa tano za usiku. Wengi huacha njiani, na mimi niliahirisha mwaka mmoja nusura nisirudi. Halafu kwenye silabasi yangu Zanzibar haikuwepo. Tulisoma Ulaya, tulisoma dola za kikoloni kwa jumla, na kila nilipotaka kuandika juu ya kwetu ilinibidi niombe ruhusa na nitafute vitabu mwenyewe.

Na kuna fedha. Mimi nilianza 2009 kwa ada za zamani, nikasalimika. Mwaka 2012 ada za England zilipanda kwa kishindo na watu wakaambiwa wakope, na mkopo wenyewe una riba. Wengi katika sisi hilo liliwafungia mlango. Serikali ilikusanya maoni 2014 juu ya mkopo usio na riba, sheria ikapita 2017, na miaka ikapita wanafunzi bila ya kuuona mkopo wenyewe. Nawajua vijana wawili waliosubiri mpaka wakaoa. Mimi nadhani jumuiya zetu zinazochanga kwa ajili ya misiba na safari za viongozi zingeweza kumchangia kijana mmoja kwa mwaka asome historia. Mmoja tu. Tumeshindwaje?

Walioko nyumbani wana Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, na Unguja wana Nyaraka za Taifa pale Kilimani, kwa daladala tu. Nyinyi mko karibu zaidi na maboksi kuliko sisi. Mnatungoja sisi tuwaletee nini?

Lililobaki ni zito kwangu. Kwa miaka sita nilikuwa nikikimbilia Kew kusoma waliyoyaandika maofisa wa kikoloni juu ya watu kama ami yangu, na ami mwenyewe yuko Maskat, mzima, akili timamu. Alipiga kura 1963. Alikuwa mjini usiku wa Mapinduzi. Sikumpigia simu hata mara moja kwa sababu sikuwa nikisema na mwanawe. Nilikuwa nimefundishwa namna ya kumhoji mzee, namna ya kulinganisha maneno yake na karatasi, hata insha nzima niliandika juu ya ushahidi wa mdomo na nikapata alama nzuri. Ami alifariki 2016, mwaka mmoja baada ya mimi kuvaa joho.

Mtoto wa ami nilimpigia siku ya khitma. Nikamwambia kwamba kwenye ile harusi mimi nilisema neno nisilolijua. Nikamsomea zile tarakimu, 54 kwa mia, viti 13. Akanyamaza, kisha akasema, "Sasa si ndiyo nilivyokuambia, ilikuwa serikali halali?" Nikamwambia halali kwa sheria, ndiyo, lakini watu wengi waliipigia kura ya hapana. Akasema hilo babake hakuwahi kumwambia. Hatukukubaliana, na mpaka leo hatujakubaliana, ila tunazungumza, na kila mmoja anamuuliza mwenzake kalitoa wapi neno lake.

Shangazi yetu yuko hai bado, Maskat, kapita miaka themanini. Yeye alikuwa shamba 1961. Inshaallah likizo ijayo nakwenda. Nimeshanunua kinasa sauti, na maswali nimeyaandika kurasa mbili. Mtoto wa ami amesema tutakaa naye sote wawili, lakini la 1963 atauliza yeye, mimi ninyamaze. Nimekubali.

Wassalaam.