Mkono Nao Usome

Kijana wa Ijumbi, wilayani Muleba, akitaka kujua namna rubani afanyavyo kazi, aweza leo kutumia programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege. Kwenye kioo ataona kiwanja, mawingu na saa za vipimo. Lakini magurudumu, taa na injini ataviamuru vyote kwa kubonyeza herufi za kibodi. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya elimu. Nusu ya pili imo katika swichi halisi ambayo kijana ameiunganisha kwa waya mwenyewe.

Yuko atakayeuliza: swichi ya nini, ikiwa herufi moja yatosha? Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakakunja magurudumu ndege ingali chini. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza aliona kuwa swichi ya magurudumu na ile ya vibawa vinavyoshushwa wakati wa kutua zilifanana, tena zilikaa jirani. Dawa ilikuwa kukipa kishikio cha kwanza umbo la gurudumu na cha pili umbo la bawa. Rubani hakuwa mzembe. Mkono wake ulikosa cha kusoma.

Tuitazame kazi yenyewe. Kadi ndogo ya elektroniki, kama zile za Arduino, huunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, na baadhi yake huweza kupokewa na kompyuta kana kwamba ni kibodi. Mguu mmoja wa kadi hushikiliwa na rezista kwenye volti 5. Swichi ikifungwa, mguu huo hushuka hadi sifuri, na kadi hutambua.

Hapo ndipo masomo yanapoanza. Vipande vya chuma vya swichi vikikutana hudunda kwa milisekunde chache kabla ya kutulia, hata kompyuta ikahesabu mibonyezo mingi ilhali kidole kimebonyeza mara moja. Mwanafunzi hana budi kuifundisha kadi isubiri kidogo, kisha iulize tena. Akiwa na swichi 64, hahitaji miguu 64: akizipanga safu 8 kwa safu 8, miguu 16 yatosha. Ila kila swichi aipe daiodi yake, la sivyo umeme utapita njia za panya, na kadi itaona swichi ambayo hakuna aliyeigusa.

Tena lipo fumbo kubwa kuliko hayo. Programu ikianza upya, swichi ya mezani yaweza kuwa imewashwa, huku programu ikidhani imezimwa. Nani asadikiwe? Anayelitatua fumbo hili amekwisha kuingia katika uhandisi wa mitambo, iwe ya ndege, ya pampu za maji au ya hospitali.

Wengine watasema hayo ni mambo ya matajiri. Lakini Edwin Link wa Binghamton, Marekani, aliyekulia katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda, alikamilisha mwaka 1929 mashine ya kufundishia urubani, akitumia mivukuto ya aina ile ile iliyotia pumzi vinanda. Kila karakana ya fundi redio ina swichi kuukuu, waya na chuma cha kulehemu. Kadi moja yaweza kutumiwa na darasa zima kwa zamu.

Hadhari ni moja: meza hiyo itumie volti 5 za kompyuta tu. Umeme wa nyumba, wa volti 230, usiguse kamwe waya hizo.

Sidai kwamba meza ya mbao yenye swichi itazaa rubani. Rubani hufunzwa katika chuo chenye idhini. Nasema tu kwamba kijana aliyezoea kubonyeza kioo peke yake atabaki mtumiaji wa vitu vya wengine. Basi shule inapotengewa fedha za kompyuta, walimu na wazazi wadai pia benchi la kazi, nyaya na fundi wa kusimama kando ya mwalimu. Kompyuta bila benchi itafundisha macho, na mkono utabaki bila elimu.