Korosho na maganda yake
Wiki hii bandarini Mtwara nimetazama magunia ya korosho ghafi yakipakiwa melini. Moja lilipasuka pembeni, zikamwagika zikiwa na maganda yake ya kijivu, yale yenye mafuta yanayobabua vidole vya mbanguaji. Zinakwenda India na Vietnam, huko ndiko zitakakobanguliwa. Minada ikianza, Kusini yote huamka: mabati mapya, bodaboda mpya, ada za watoto. Nafurahi na wakulima, maana nimewaona wakipulizia mikorosho salfa juani mpaka macho yakawa mekundu. Lakini auzaye ghafi huuza na kazi ya mwanawe. Viwanda vya kubangua vilivyojengwa miaka ya 1970 vingi vimegeuka maghala. Gesi asilia ya Mnazi Bay, hapa hapa Mtwara, nayo, tangu 2015, inapita bombani hadi Dar es Salaam. Mwaka 2013 watu wa hapa waliipinga safari hiyo barabarani. Kosa hili ni la sera, si la mkulima: tumejali njia ya kutoa mali kuliko mahali pa kuifanyia kazi. Na vijana wa Newala, Tandahimba na Masasi wanangoja ajira leo, msimu huu huu.