Mfumo ukinyamaza, usidhani unafanya kazi

Neno "mfumo" tumelizoea kwa ubaya wake. Ukifika kaunta ya benki unaambiwa mfumo umekataa. Ukienda kulipa kodi, mfumo uko chini. Ukifuata leseni, njoo kesho, mtandao unasumbua. Tunasonya, tunalalamika, tunarudi nyumbani. Sasa leo nataka kusema jambo ambalo huenda baadhi yenu mkalipinga: mfumo unaokataa haunitishi sana. Unaokataa angalau umesema. Foleni itanung'unika, meneja atatoka ofisini kwake, fundi ataitwa. Ninaouogopa mimi ni ule ulionyamaza. Umewashwa, wakubwa wanausifia mikutanoni, kumbe kazi ulionunuliwa kuifanya haufanyi.

Nazungumzia zile programu ambazo benki na makampuni makubwa huzitumia kuhakikisha yanafuata sheria. Sisi wateja hatuzioni. Sheria za nchi nyingi zinasema, kwa mfano, kwamba mtu akiweka fedha taslimu kuanzia kiwango fulani, benki iitaarifu serikali, ili wanaotakatisha fedha za madawa ya kulevya au za rushwa waweze kufuatiliwa. Zamani kazi hiyo aliifanya karani kwa fomu. Siku hizi miamala ni mingi mno, hivyo kompyuta imepangiwa mtiririko: muamala unaingia, programu inaukagua, ukitimiza sharti taarifa inaandaliwa, taarifa inatumwa. Hakuna mkono wa mtu. Lakini lile sharti lenyewe, yaani programu itazame wapi na itafute nini, liliandikwa na mtu. Na hapo ndipo penye hadithi.

Twende Australia. Mwezi Mei 2012 Commonwealth Bank, ambayo ni moja ya benki nne kubwa za nchi ile, ilianza kufunga mashine za kisasa za kuwekea fedha. Unaingiza noti zako, mashine inazihesabu palepale, na hela inaonekana kwenye akaunti papo hapo. Mashine moja ilipokea hadi noti 200 kwa mkupuo. Ukiwa na noti za dola 100, hiyo ni dola 20,000 za Australia kwa muamala mmoja, na hakukuwa na ukomo wa mara ngapi kwa siku. Sheria ya Australia inataka kila muamala wa fedha taslimu wa kuanzia dola 10,000 utolewe taarifa kwa AUSTRAC, chombo cha serikali kinachofuatilia utakatishaji wa fedha, ndani ya siku 10 za kazi.

Mwanzoni mambo yalikwenda. Kila aina ya muamala ndani ya kompyuta za benki ina msimbo wake, na mtiririko wa kutuma taarifa uliambiwa utafute misimbo fulani. Novemba 2012 yakafanyika marekebisho ya programu, ukaongezwa msimbo mpya kwa miamala ya mashine zile. Hatua moja ikasahaulika: hakuna aliyeuambia ule mtiririko wa taarifa kwamba kuna msimbo mpya wa kutafuta.

Kuanzia hapo, miamala mikubwa iliyopewa msimbo ule ikawa inapita kama haipo. Hakuna kengele iliyolia. Programu haikukosea, ilifanya kile kile ilichoagizwa. Ilitafuta misimbo ya zamani, ikakuta michache, ikatuma michache, ikalala. Hali hiyo ilidumu kutoka Novemba 2012 hadi Septemba 2015. Ilipokuja kuhesabiwa, taarifa 53,506 hazikuwa zimetumwa kwa wakati. AUSTRAC ilisema hizo zilikuwa takriban asilimia 95 ya miamala yote mikubwa ya fedha taslimu iliyopita kwenye mashine hizo kwa kipindi kile. Tena si hilo tu. Mfumo mwingine wa benki hiyo, wa kufuatilia miamala yenye mashaka, nao haukufanya kazi ipasavyo kwa akaunti 778,370 kwa muda wa miaka kama mitatu.

Agosti 2017 AUSTRAC iliipeleka benki mahakamani. Katika madai yake ilieleza jinsi magenge ya wahalifu, wakiwemo wa madawa ya kulevya, walivyozitumia mashine hizo kupitisha mamilioni ya dola. Mwezi uleule Mkurugenzi Mkuu Ian Narev alitangaza kwamba angestaafu mwaka uliofuata. Juni 2018 Mahakama ya Shirikisho ikaidhinisha faini ya dola milioni 700 za Australia, ambayo wakati ule ilikuwa faini kubwa kuliko zote za kiraia katika historia ya makampuni ya nchi hiyo.

Benki ilijitetea kwamba sehemu kubwa ya makosa yale elfu hamsini na kitu ilitokana na kosa moja tu la kiufundi. Najua kuna wasomaji watakaoitetea hoja hiyo: binadamu hukosea, fundi alisahau, sasa mnataka afanyweje? Nami nakubali kwamba kusahau msimbo ni kosa moja. Lakini kukaa karibu miaka mitatu bila kuona si kosa moja. Hilo ni kosa linalofanywa upya kila siku. Katika miaka ile mashine ziliongezeka na fedha zilizopita ndani yake zikapanda kwa kasi. Mtu yeyote ambaye angechukua karatasi mbili, moja ya miamala mikubwa iliyoingia na nyingine ya taarifa zilizotoka, akaziweka pamoja mezani, angeona pengo kwa macho yake. Haikuhitaji utaalamu wa kompyuta. Ilihitaji mwenye jukumu la kuhesabu.

Na hiki ndicho ninachotaka tukielewe. Karani wa zamani, pamoja na uvivu wake na chai yake ya saa nne, alikuwa na kitu ambacho kompyuta haina: alikuwa anashangaa. Wiki mbili zikipita bila fomu hata moja kutoka kaunta fulani angeuliza, "Jamani, siku hizi huku hakuna wenye hela?" Kompyuta haishangai. Ikiambiwa itafute kitu kisichokuwepo, itatafuta kwa utii mpaka kiama na kila asubuhi itaripoti kwamba kazi imekamilika. Kwa hiyo ukiajiri mashine badala ya karani, lazima utafute pia mahali pa kuuweka ule mshangao. La sivyo umeununua utii ukautupa uangalifu.

Sasa kuna ukimya wa kusahau, na kuna ukimya wa kuchagua. Oktoba 2024 TD Bank, benki ya Kanada yenye matawi mengi Marekani, ilikiri makosa ya jinai mbele ya mahakama ya Marekani na kukubali kulipa jumla ya takriban dola bilioni 3. Kwa mujibu wa Wizara ya Sheria ya Marekani, kuanzia Januari 2018 hadi Aprili 2024 asilimia 92 ya thamani ya miamala yake, karibu dola trilioni 18.3, haikukaguliwa na mfumo wa kufuatilia. Programu ilikuwepo. Ilinunuliwa, iliwashwa. Lakini aina nzima nzima za miamala ziliachwa nje ya mipangilio, na wakubwa walibana bajeti ya kitengo hicho wakati biashara inakua. Commonwealth Bank walisahau kumwambia mlinzi kuhusu mlango mpya. Hawa walikuwa na mlinzi wakamwambia atazame dirisha moja tu, kwa sababu kumlipa wa pili ni gharama.

Mtasema hayo ni ya wazungu, wenye trilioni zao. Haya, turudi kwetu. Septemba 2018 Benki Kuu ya Kenya ilizitoza faini benki tano, jumla shilingi milioni 392.5 za Kenya, kuhusiana na fedha za kashfa ya NYS, lile shirika la vijana wa taifa. Miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kutotoa taarifa za miamala mikubwa ya fedha taslimu. Septemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania nayo ilizitoza faini benki tano, takriban shilingi bilioni 1.9, kwa kasoro katika kuzuia utakatishaji wa fedha. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachosimamia mambo haya, ikatoka Juni 2025. Kenya iliwekwa Februari 2024. Sisemi kwamba faini hizi zilisababishwa na msimbo uliosahaulika. Ninachosema ni kwamba taarifa isipotoka, matokeo kwa mwananchi ni yaleyale, iwe aliyenyamaza ni mtu au ni mashine. Hela iliyotengwa kwa ajili ya vijana inatoka benki kwa mafurushi na hakuna anayepiga mbiu.

Tena huku kwetu hatari ya msimbo mpya ni kubwa pengine kuliko Australia. Tazama tulivyoenda mbio. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, Tanzania mwaka 2008. Leo hela inatoka simu kwenda benki, benki kwenda simu, inapitia kwa wakala wa kona, inalipa duka kwa namba, inakopwa usiku wa manane kitandani. Kila njia mpya ni mlango mpya wa nyumba. Swali langu kwa wenye benki na kampuni za simu ni fupi: siku mlipofungua mlango, nani alimwambia mlinzi? Aliandika wapi kwamba amemwambia? Na mlinzi alijaribiwa?

Rafiki yangu mmoja anayefanya kazi kwenye kitengo cha namna hiyo aliniambia kwamba shida yao ya kila siku ni kinyume kabisa, yaani kelele. Programu ikipangwa kwa ukali inapiga tahadhari kwa kila kitu. Majina yetu ya pwani yanajirudia. Akina Mohamed Ali ni wengi kuliko maembe, na mmoja akiwa kwenye orodha ya wanaotafutwa duniani, wote wanazuiliwa hela zao, pamoja na yule bibi anayetumiwa ada ya mjukuu kutoka Muscat. Tahadhari zinarundikana kwa maelfu, watumishi ni wachache, wanaanza kuzifunga bila kuzisoma. Halafu mtu anachoka, analegeza sharti ili watu wapumue. Pengine amefanya vizuri. Lakini kama hakuandika alilegeza nini, lini na kwa ruhusa ya nani, miaka miwili baadaye ameshahama kazi na hakuna ajuaye kwa nini mashine imepoa. Tahadhari isiyosomwa na tahadhari isiyopigwa ni ndugu wa tumbo moja.

Dawa yake wala si ya ajabu. Kwanza, hesabu pande zote mbili kila siku: vilivyoingia vinavyotakiwa kutolewa taarifa, na taarifa zilizotoka. Visipolingana, mtu aamshwe. Na ile hesabu ya vilivyoingia isitoke kwenye programu ileile inayokaguliwa, itoke kwenye vitabu vya benki. Pili, kila mabadiliko yakifanyika, pitisha muamala wa majaribio ambao unajua lazima ukamatwe. Usipokamatwa, usifungue mlango. Tatu, sifuri iwe habari. Kaunta, mashine au wakala ambaye hajatoa taarifa hata moja kwa mwezi aulizwe, asisifiwe. Nne, kila sharti liwe na mwenyewe, mtu mwenye jina na si "idara ya teknolojia", na mwenyewe huyo asaini kila linapoguswa, hata na mtaalamu aliyetoka ng'ambo kuja kufunga programu kwa wiki chache na kuondoka.

Na sisi waandishi tuna letu. Benki ikizindua mfumo mpya tunaitwa, tunapiga picha za utepe ukikatwa, tunaandika gharama na idadi ya matawi. Safari ijayo tuulize swali moja la ziada: huu mfumo ukiacha kufanya kazi kimyakimya, mtajuaje, na baada ya siku ngapi? Msemaji akijibu kwamba hauwezi kuacha kwa sababu ni wa kisasa sana, hapo hapo mwandishi amepata habari yake.

Mimi nimesema yangu. Wale mnaofanya kazi kwenye benki, bima na kampuni za simu mnayajua haya kwa undani kuliko mimi, na nina hakika wapo watakaoona nimewaonea. Nawasubiri. Ila kabla hamjaniandikia, kesho mkifika kazini hesabuni kwanza zile karatasi mbili.