Transfoma ya maikrowevu si kitu cha kuchezea

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Buyenzi, hapa Bujumbura, kumtafuta fundi wa redio. Nilimkuta kijana ameketi chini, mbele yake transfoma nzito aliyoing'oa kwenye maikrowevu ya mtumba. Alikuwa amewaita wenzake waje kuona cheche. Nilimwomba achomoe plagi kwanza ndipo tuzungumze. Akachomoa, huku akicheka: "Mzee, koili ya pikipiki imenipiga mara ngapi, na bado nipo!"

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kijana huyo alirejea kutoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na huko ndiko alikojifunza kutengeneza redio na chaja za simu. Sitaki kumkatisha tamaa. Wengi waliorejea hawakukuta mashamba yao wala hawakuja na mtaji. Walichobeba ni ufundi wa mikono. Na kupenda cheche si kosa. Koili yenye jina la Nikola Tesla ilibuniwa mwaka 1891, na mpaka leo watu wa nchi nyingi huitengeneza nyumbani kwa kujifurahisha tu.

Lakini hesabu ya kijana wetu ina kasoro. Koili ya pikipiki hutoa volti zaidi ya 10,000, ila mkondo wake ni mdogo na hupita kufumba na kufumbua. Mara nyingi mtu hushtuka na kuurusha mkono. Transfoma ya maikrowevu hutoa volti zipatazo 2,000 tu, lakini mkondo wake waweza kufika nusu ampea, na haukatiki mpaka mtu auzime. Sehemu moja ya kumi ya ampea ikipita kifuani yatosha kuuvuruga moyo.

Wapo wanaotegemea fyuzi. Hiyo sehemu moja ya kumi kwa volti 2,000 ni wati 200. Kwenye soketi ya volti 220 ni kama ampea moja, pungufu ya pasi ya nguo. Fyuzi itajuaje kwamba kuna mtu anakufa? Hata ile swichi inayokata umeme unapovujia ardhini haioni kitu, maana koili ya pili haikuungana na nyaya za ukutani. Ndala nazo hazisaidii ikiwa mkono mmoja umeshika chuma na mwingine waya. Tena kapasita ya maikrowevu huweza kubaki na umeme hata baada ya kuchomoa plagi.

Nchini Marekani zaidi ya watu 30 wameuawa na mchezo wa kuchora mbao kwa umeme, wengi wao wakitumia transfoma hizi hizi. Baadhi yao walikuwa mafundi wazoefu.

Sasa niwageukie ndugu zetu wanaovusha bidhaa kati ya Gatumba na Kavimvira. Maikrowevu iliyokufa hununuliwa kwa bei ya chuma chakavu, kisha transfoma huuzwa kando. Faida hiyo siwaonei kijicho. Ombi langu ni dogo: kabla ya kuiuza kama chuma, kata ile koili ya waya mwembamba kwa patasi. Uzito haupungui, bei haibadiliki, na hakuna mtoto atakayeiwasha. Ikiwa ni nzima na yafaa kwa spea, muuzie fundi unayemfahamu.

Kwa vijana: anzeni na betri ya volti 12 na vikoili vidogo vya redio. Usifanye kazi peke yako usiku. Unganisha kila waya plagi ikiwa nje, kisha simama mbali, na mwenzako awe karibu na swichi kuu. Naye ajue mapema kwamba ukinaswa asikuguse; akate umeme kwanza, kisha, kama hupumui, akukandamize kifua bila kuacha huku msaada ukiitwa. Mwenzako asiyejua hayo ataongeza maiti ya pili.

Jumamosi nitarudi Buyenzi. Nimemwahidi kijana yule kumtafutia mnunuzi wa chuma, naye ameniomba nimpelekee betri kuukuu ya pikipiki badala yake.