Riba Ikipunguzwa, Tuhame?

Mwalimu mstaafu anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwangu alibisha hodi jioni moja, simu mkononi, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Benki yake ilikuwa imemtumia ujumbe, akanipa niusome. Ulianza kwa kumshukuru kwa uaminifu wake wa miaka mingi, kisha ukamwarifu kwamba akiba yake itaanza kupata riba ya asilimia 4 kwa mwaka badala ya 7.

"Wananishukuru huku wananikata," akasema. "Sasa niambie, mwanangu, nihame?"

"Keti kwanza, Mwalimu. Tupige hesabu."

Ana shilingi 400,000, kiinua mgongo kilichobaki baada ya kuezeka nyumba upya. Asilimia 3 ya fedha hizo ni 12,000 kwa mwaka. Serikali hukata kodi ya asilimia 15 kwenye riba, kwa hiyo alichopoteza hasa ni 10,200, yaani 850 kwa mwezi. Alizitazama zile tarakimu kwa muda. "Hii haijazi hata mtungi mdogo wa gesi," akasema, na sauti yake ikawa imeshuka kidogo.

Sisemi 850 ni kitu cha kutupa. Ila ni vigumu kuamua jambo la fedha kwa asilimia, kwa sababu asilimia haina sura. Mwenye akiba ya 40,000 katika benki hiyohiyo amepoteza shilingi 85 kwa mwezi. Akipanda matatu mara mbili kwenda kujaza fomu za benki nyingine, zimekwisha. Mwenye milioni nne amepoteza 8,500, na huyo sidhani angekuwa bado anauliza.

Benki zina utetezi wao, na haufai kupuuzwa. Kiwango cha msingi cha Benki Kuu ya Kenya kilifika asilimia 13 mapema mwaka 2024. Tangu Agosti mwaka huo kikaanza kuteremshwa, na kufikia Juni 2025 kilikuwa asilimia 9.75. Riba ya dhamana za serikali ikaporomoka nacho. Benki haiwezi kukulipa bei ya mwaka juzi kwa bidhaa iliyoshuka bei. Hapo nakubali. Nisichokubali ni mwendo wa pande mbili: riba ya mwenye akiba hushuka mbio, ya mwenye mkopo hushuka kwa kujikongoja. Februari 2025 Benki Kuu yenyewe ilizionya benki kwamba zitakaguliwa na kutozwa faini kwa kuchelewa kuwapunguzia wakopaji.

Kwa nini mwenye akiba akatwe kwanza? Kwa sababu hahami, na benki inajua hahami.

Tuliwahi kujaribu kulitibu hili kwa sheria. Septemba 2016 sheria ya kudhibiti riba ilianza kutumika, na pamoja na kuwawekea wakopeshaji dari, iliwawekea wenye akiba sakafu: riba isipungue asilimia 70 ya kiwango cha msingi. Kiwango kilipokuwa asilimia 10, hiyo ilikuwa asilimia 7. Lakini sheria ilizungumzia akaunti zinazopata riba, na baadhi ya benki zikageuza akaunti za akiba kuwa akaunti za matumizi ya kawaida, zisizopata chochote. Sakafu ikaondolewa mwaka 2018, dari nayo Novemba 2019. Mimi siililii ile sakafu. Ilimpa mwenye akiba haki ya kudai, ikamwacha amefungwa mlemle ndani.

Kilichomfunga ndicho cha kutazama. Pensheni ya Mwalimu inaingia katika akaunti hiyo. Mkopo wa mabati unakatwa humohumo kila mwisho wa mwezi. Mchango wa bima na ada ya mjukuu vinatokea hapo. Wakala wa benki yuko dukani, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake, na anamjua kwa jina. Kuhama ni kuving'oa vyote hivyo kimoja kimoja, kwa barua na foleni, na kuomba Mungu mwezi mmoja wa katikati usipotee pensheni ikizunguka ofisini.

Uingereza, ambako wengi wetu tuna ndugu, walilifikiria hili. Tangu Septemba 2013 wana huduma ya pamoja ya kuhamisha akaunti: unafungua mpya, na ndani ya siku 7 za kazi benki mbili zinapeana salio, mshahara na malipo yote ya kudumu. Malipo yanayoendelea kutumwa kwenye akaunti ya zamani yanaelekezwa kwenye mpya. Santander ilikuwa na akaunti maarufu ya 123 iliyolipa asilimia 3 kwa salio la hadi pauni 20,000. Januari 2016 ada yake ya mwezi ilipanda kutoka pauni 2 hadi 5, na Novemba mwaka huo riba ikakatwa hadi asilimia 1.5. Aliyejaza salio lote alitoka kwenye pauni 600 kwa mwaka akaangukia 300, kabla ya ada ya 60. Wenye akaunti hiyo walikuwa na sababu ya kunung'unika, ila walikuwa pia na mlango.

Sisi mlango tulionao ni nusu. Tangu 2017 PesaLink inapeleka fedha kutoka benki hadi benki papo hapo. Fedha zinahama kwa sekunde, akaunti haihami. Na tusidhani kuibeba namba ya akaunti peke yake kungetosha. Mwaka 2011 tuliruhusiwa kuhamia kampuni nyingine ya simu na namba ileile, na waliohama walikuwa wachache mno. Namba ilikubali kuhama, M-Pesa ikabaki nyuma, na nani angeiacha M-Pesa?

Nikamwambia Mwalimu kwamba swali lake lilikuwa maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Akaunti yake ni mfereji na ni ghala. Mfereji ni pensheni, mkopo na malipo. Ghala ni zile 400,000. Benki imeharibu ghala tu. Mfereji uache ulipo, ghala ndilo utafute pengine.

Pengine wapi, hapo ndipo watu huumia. Ghala lenye riba nono zaidi huenda ndilo lenye paa bovu. Kati ya Agosti 2015 na Aprili 2016 tuliona Dubai Bank, Imperial Bank na Chase Bank zikiwekwa chini ya mrasimu, moja baada ya nyingine. Bima ya amana leo inamlinda mwenye akiba hadi shilingi 500,000 katika kila benki, kwa hiyo akiba ya Mwalimu inaingia yote ndani ya ulinzi huo. Akiipeleka kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambao unasimamiwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, bima hiyo haimfuati. Na faida ya mifuko hiyo hushuka pamoja na riba za serikali. Atakayekimbilia huko kwa hasira leo asishangae kupata ujumbe wa aina ileile mwakani. Sako ni nzuri kwa mtu anayetaka mkopo, lakini amana zake huzipati mpaka ujitoe uanachama. Kwa mtu wa miaka 67 anayeweza kuugua kesho, hilo ni jambo kubwa kuliko asilimia 3.

Aliamua kwa utulivu. Alibakiza 100,000 ya dharura palepale, akafungua akaunti ya amana ya muda maalumu katika benki nyingine, akaituma 300,000 kwa simu akiwa sebuleni kwangu, chai ikipoa. Pensheni hakuigusa.

Hiyo ndiyo hukumu yangu pia: hamisha akiba, usihamishe maisha, mpaka kuyahamisha kuwe rahisi. Na kuyarahisisha si kazi ya Mwalimu. Benki zinazoweza kupelekeana fedha kwa sekunde zinaweza kupelekeana orodha ya malipo ya mteja kwa wiki moja. Benki Kuu iziamuru zifanye hivyo, na izipe tarehe.