Mikono ya Mjengo Ipewe Jukwaa Tassia

Tassia, mtaa wa Embakasi jijini Nairobi ulio karibu na Outer Ring Road, haukosi ghorofa inayojengwa. Ukisimama chini ya mjengo ambao haujaezekwa, utamwona mtu wa mkono akipokea mbao ya nne kwa mbili kutoka kwa mwenzake aliye juu. Gumba huwa upande huu, vidole vinne upande ule, na kiganja hakigusi kitu. Mbao inaning'inia hivyo, imebanwa kwa ncha za vidole, huku yeye akitafuta pa kukanyaga. Unene wa mbao hiyo ni inchi mbili, yaani takriban milimita 50.

Ulaya na Marekani kuna watu wanaofunga safari kwenda kushindania jambo hilohilo. Katika shindano la mbano wa mikono miwili, mshindani hukuta mabamba ya chuma yaliyounganishwa, mazito na laini, yasiyo na mpini. Hupaka chaki, huweka magumba upande wake na vidole upande wa pili, kisha hunyanyua hadi kimo kilichowekwa. Mwamuzi akiridhika, kilo huongezwa. Mwingereza David Horne ndiye aliyebuni kifaa ambacho upana wake hurekebishwa, ili mwenye kiganja kidogo asionewe na mwenye kiganja kikubwa. Wanaume hodari zaidi duniani wamevuka kilo 100 kwa kifaa cha aina hiyo.

Huenda kilo 100 zikaonekana chache kwa mtu aliyezoea kutazama wabeba vyuma. Si chache hata kidogo. Mgongo na mapaja havina msaada mkubwa hapa, kwa sababu gumba ndilo linaloamua, likisukumwa na misuli midogo iliyo chini yake ndani ya kiganja. Wapo wanaoinua kilo 200 kutoka sakafuni kwa fimbo ya kawaida, ilhali mabamba ya kilo 80 yanawaponyoka kabla hayajaacha ardhi.

Huu ni mchezo ambao mitaa ya Eastlands kama Tassia ingeuanzisha bila kusubiri mfadhili wa kigeni wala ukumbi wenye viyoyozi. Sababu ya kwanza ni bei. Chuma maarufu kuliko vyote katika mchezo huu, ambacho Wamarekani hukiita Blob, ni kipande tu: kichwa kimoja cha dambeli ya zamani ya kampuni ya York yenye ratili 100, kilichokatwa na kubaki na uzito unaokaribia kilo 23. Mmarekani Richard Sorin alikiinua kwa mkono mmoja, na tangu hapo kikawa kipimo cha heshima miongoni mwa wenye mikono ya nguvu. Kama chuma chakavu kimeweza kujenga jina la mchezo Marekani, basi Nairobi haina cha kulalamikia. Mafundi wa Kamukunji na Kariobangi hukata, hunyoosha na kuchomelea mabamba kila siku. Na vijana wa mitaani wanaopiga tizi kwa mikebe ya rangi iliyojazwa saruji wameshaonyesha kwamba uzito ni uzito, uwe na nembo au usiwe nayo.

Sababu ya pili ina uzito zaidi, nayo ni watu wenyewe. Kila msimu wa siasa ukikaribia, mitaa hupata kombe la kandanda, jezi na mipira. Kandanda inastahili kila shilingi inayopata. Lakini fundi wa miaka 38 aliyebeba mawe Jumatatu hadi Jumamosi hana nafasi katika timu ya kandanda, na mama anayefulia watu nguo, anayekamua blanketi zito kwa mikono mitupu kwenye paa la ghorofa ya saba, hakuna aliyewahi kumuuliza ana nguvu kiasi gani. Mikono yao imefanya mazoezi kwa miaka mingi bila kocha. Wakishindana kwa makundi ya uzito, wanawake kwa wanaume, huenda mtaa ukagundua mabingwa ambao umekuwa ukipishana nao kwenye ngazi.

Afya pia imo. Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa watu wapatao 140,000 katika nchi 17. Kila nguvu ya kukamata kwa mkono ilipopungua kwa kilo 5, hatari ya kufa ndani ya kipindi cha utafiti iliongezeka kwa asilimia 16, na kipimo hicho kiliashiria vifo kwa usahihi zaidi kuliko shinikizo la damu. Hii haimaanishi kwamba kubana chuma kunarefusha maisha. Inamaanisha mkono ni dirisha la kuutazamia mwili mzima, na siku ya mashindano ingekuwa fursa nzuri ya kuweka meza ya kupima presha na sukari, bure, mahali ambapo wanaume wengi hawakanyagi kliniki mpaka wazidiwe.

Kuna watakaosema Kenya ni nchi ya mbio. Lakini Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, na mwaka 2015 jijini Beijing akatwaa ubingwa wa dunia kwa mita 92.72. Hellen Wawira Kariuki alileta shaba ya unyanyuaji vyuma kwa walemavu kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Birmingham mwaka 2022. Nguvu ipo. Kinachokosekana ni mahali pa kuipimia.

Pingamizi lenye mashiko ni lile la uchovu: mtu aliyechoshwa na saruji wiki nzima hafai kuchoshwa tena kwa burudani ya wengine. Ni kweli, na ndiyo maana shindano lifanyike Jumapili mchana, kila mtu apewe majaribio machache tu, na chini ya kifaa kuwekwe matairi ya gari ili chuma kikiponyoka kisiponde vidole vya miguu. Kaunti ya Jiji la Nairobi itoe uwanja na mwamuzi. Wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, waliotajirika kwa mikono hii, watoe zawadi. Kilo ziandikwe kwenye daftari moja, mwezi baada ya mwezi, na mshindi atumiwe pesa yake kwa M-Pesa kabla hajaondoka uwanjani.